Gari Halikuwa la Mzee Boay

Nilivumilia mpaka ukurasa wa pili wa wasifu. Aliyekuwa anasoma ni mjukuu wa marehemu, kijana mwenye sauti nzuri ya kwaya, na alikuwa ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kitaanguka. Alisoma babu yake alizaliwa lini, alibatizwa lini, alioa lini, alijaliwa watoto wangapi. Nilikuwa nimekaa upande wa akina mama, chini ya turubai, nimejifunga khanga kama wenzangu, na mpaka hapo sikuwa na neno. Kisha akasoma: "Marehemu Mzee Boay atakumbukwa kama mtu aliyeleta gari la kwanza la kubebea wagonjwa kijijini kwetu." Watu wakaguna, mguno ule wa kukubali. Nikasimama. Nilipita katikati ya viti vya plastiki nikikanyaga miguu ya watu, nikatokea nyuma ya nyumba ambako wanawake walikuwa wanapika wali wa msiba. Mmoja akaniita kwa jina, Basilisa, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nina hasira. Akatazama mvi zangu, akaniletea kiti na kikombe cha maji, akarudi kwenye sufuria lake.

Hasira hiyo ina miaka ishirini na saba. Nimeishi nayo Mbulu, nikiuza madaftari na kalamu karibu na stendi, nikasomesha watoto wangu nayo, nikaenda nayo kanisani kila Jumapili. Kijiji sitakitaja, kiko Hanang, upande wa Gendabi, na wenyewe wakisoma watajijua. Habari za wazazi wangu na jinsi nilivyolelewa hazina kazi hapa. Nataka kusimulia mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na minne, kwa sababu mwaka huo nilikuwa na gari, na gari lilikuwa langu.

Nililipata kwenye shamba kubwa la ngano nilikokuwa karani wa stoo. Shamba lilipoanza kupunguza watu na vitu, magari yaliuzwa moja moja, na mwishoni likabaki hilo ambalo hakuna aliyelitaka. Liliachwa na wageni waliokuja zamani kuchimba visima. Lilikuwa pikapu ya Kimarekani, kubwa kuliko pikapu yoyote niliyowahi kuiona barabarani kwetu: boneti pana kama meza ya bwalo la shule, kiti kimoja kirefu cha mbele wanachokaa watu watatu bila kubanana, injini ya silinda nane inayokunywa petroli kama ng'ombe waliotoka malishoni wakati wa kiangazi, na usukani upande wa kushoto. Rangi yake ilikuwa ya kijani hapo zamani. Wanaume walilizunguka, wakapiga tairi mateke, wakasema litamfilisi mtu. Mimi nilikuwa nimefundishwa kuendesha na dereva mmoja mzee wa shambani, ambaye alichoka kunisikia nikimwomba, na gari nililofundishiwa ni hilo hilo. Nilikijua kikohozi chake. Nikauza ndama wangu wawili, nikaongeza mafao yangu, nikalinunua. Siku niliyolipeleka nyumbani watu walitoka kwenye mashamba ya maharage kunitazama, na mzee mmoja akauliza kwa Kiiraqw mwenye gari yuko wapi. Nikamwambia ni mimi. Akacheka akasubiri mwenyewe ashuke.

Mtu yeyote aliyewahi kumiliki gari kuukuu ataelewa nikisema kwamba nililipenda na lilinitesa. Rejeta ilivuja. Tangi la petroli lilipata tundu, fundi wa Katesh akaliziba kwa kipande cha sabuni ya kufulia, na sabuni hiyo ikakaa miezi. Selfu ya kuwashia injini ilikufa mwezi wa pili na nyingine haikupatikana Katesh, Babati wala Arusha, kwa hiyo nilizoea kuegesha mahali penye mteremko, na pasipo na mteremko niliomba watu wasukume. Lakini likishawaka lilikuwa na nguvu ya ajabu. Lilipanda kwenda Dongobesh na magunia ya kilo mia bila kulalamika. Shida kubwa ilikuwa usukani. Barabarani kwetu tunapita kushoto, na dereva aliyekaa kushoto kwenye gari kubwa hawezi kuona mbele ya lori analotaka kulipita. Lazima mtu akae upande wa kulia, atoe kichwa dirishani, aseme. Mtu huyo alikuwa Martina.

Martina alikuwa rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Alikuwa ameolewa na Fabiano, ng'ambo ya korongo, na kwa miaka minne hakuwa amepata mtoto, na watu walishaanza kusema. Alijua vitunguu saumu kuliko mtu yeyote. Tulikwenda kuvinunua milimani Mbulu, yeye akivimenya kimoja kimoja mbele ya mwenye shamba na kuvitupa vibaya bila aibu, kisha tulivishusha kuuza Katesh. Njiani alikuwa ananiambia "bado, bado, bado," halafu "nenda," na mimi nilikanyaga mafuta nikaenda. Sijawahi kumwamini mtu hivyo tena. Hata mume wangu, Mungu amrehemu, sikumwamini hivyo. Tukirudi tulikula kwake. Jiko lake lilikuwa dogo, kuta nyeusi kwa moshi, vigoda viwili, na kibuyu cha maziwa ya mgando kimetundikwa juu. Ugali wa moto na maziwa hayo yenye harufu ya moshi, tukila kwa mikono iliyonuka kitunguu, tukimcheka yule mzee aliyesubiri mwenye gari ashuke. Fabiano alikuwa anakula kimya mlangoni, mtu mpole, na mara kwa mara alitikisa kichwa kwa mambo tuliyokuwa tunasema.

Mwezi wa tatu wa gari, Martina akaniambia ana mimba. Alinieleza tukiwa ndani ya gari, barabarani, bila kugeuza kichwa kutoka dirishani, katikati ya "bado" mbili. Nilitaka kusimama. Akasema nisisimame, kuna basi nyuma. Jioni hiyo, tukiwa jikoni kwake, tukapanga. Uchungu ukianza, saa yoyote, Fabiano atanifuata kwa baiskeli na mimi nitakuja na gari kumpeleka hospitali Katesh. Hakuna haja ya mkokoteni wa ng'ombe. Martina alisema jambo hilo mara mbili, kwamba mkokoteni hataki, kwa sababu dada yake mkubwa alishapelekwa kwa mkokoteni na alirudi bila mtoto. Nikamwambia gari lipo. Hayo ndiyo maneno niliyomwambia.

Sasa nimlete Mzee Boay. Hakuwa na cheo cha serikali. Alikuwa na duka, alikuwa na ng'ombe wengi, alikuwa mbele kanisani, na kila kamati iliyoundwa kijijini yeye ndiye alikuwa anaifungua na kuifunga. Alikuwa na tabia ya kutoomba. Alikuwa anatuma mtu aje aseme, "Mzee anasema gari liende likachukue saruji." Nikienda mwenyewe kwake kumweleza kwamba nina safari yangu, nampa shikamoo, ananijibu marahaba kwa upole kabisa, ananiita binti yangu, anauliza hali ya nyumbani, mkewe analeta chai ya maziwa, na kikombe kikiisha nakuta nimeshakubali. Tulilelewa hivyo. Mtoto wa watu hamkatalii mzee aliyemwitikia marahaba. Nilibeba saruji, nikabeba viti vya harusi ya mwanawe, nikabeba kwaya mpaka Nangwa na kurudi. Petroli ilikuwa yangu, na malipo yalikuwa Mungu atakubariki. Na wagonjwa, ndiyo, nilibeba. Nilimbeba mzee aliyeumwa na nyoka, nikabeba wanawake wanne wa uchungu, na wote walifika salama. Hao niliwabeba mimi, nikiendesha mimi, na hakuna mgonjwa hata mmoja ambaye Mzee Boay alipanda naye. Yeye alikuwa anasimama uani kwake akipunga mkono tukipita.

Katesh tulikuwa tunapumzika kwenye hoteli ya Mama Zuhura, mama wa Kiislamu ambaye wazazi wake walihamia kutoka Kondoa kufanya biashara. Alikuwa na chumba kidogo nyuma ya pazia ambako wanawake walikula bila kutazamwa, na chapati zake na maharage ya nazi yalikuwa sababu tosha ya safari. Siku moja nikiwa nyuma ya pazia niliwasikia wazee wa kwetu wameingia mbele. Mzee Boay alikuwa anawaeleza watu wa kijiji kingine kuhusu maendeleo yetu. Akasema tuna shule, tuna kisima, tuna gari letu. Mmoja akauliza gari la nani. Mzee akasema, "La kijiji. Lipo mikononi mwa binti mmoja, lakini mwenye kulipangia kazi ni mimi." Nilikuwa nimeshika kipande cha chapati, na kikakaa mkononi. Mama Zuhura, aliyekuwa ananimiminia chai, aliyasikia kama mimi. Akainama akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kitu chako kikishaitwa chetu, toka useme leo hii. Kesho utaambiwa mchoyo." Sikutoka. Nilisubiri mpaka wameondoka, kwa sababu niliona aibu, mimi mwenye gari, kukutwa nimesikiliza.

Ilikuwa Alhamisi. Kijiji kizima kilijua kwamba mgeni mkubwa atapita kuona shule, na Mzee Boay alikuwa mkuu wa mapokezi. Asubuhi hakutuma mtu, alikuja mwenyewe, amevaa koti la suti na kofia. Alisema gari litamngojea mgeni njia panda, kisha litatangulia msafara, kwaya nyuma, yeye mbele. Nikamwambia Martina siku zake zimekaribia, na gari nimemwahidi. Akauliza kama uchungu umeanza. Nikasema sijasikia. Akasema basi, kama bado, kuna ubaya gani, na kwamba njia panda siyo Dar es Salaam. Vijana walikuwa wameshafika na matawi ya miti na vitambaa, wanafunga kwenye boneti yangu. Nikachukua ufunguo. Wakasukuma, likawaka, na Mzee akapanda upande wa kulia, mahali pa Martina, akashusha kioo akatoa kiwiko nje.

Tulifika njia panda saa tatu. Jua lilikuwa kali, kwaya wameketi nyuma wakiimba, wakanyamaza, wakaimba tena. Mzee alisema nisizime injini, ili mgeni akitokea tusihangaike kusukuma mbele ya watu. Kwa hiyo injini ilinguruma pale pale, ikila petroli yangu na kuchemsha rejeta, na mimi nimekaa mbele ya usukani na viatu vyangu vya kanisani.

Saa tano Fabiano alifika kwa baiskeli. Jasho lilikuwa limelowesha shati lake lote. Hapa ndipo hasira yangu inapokaa mpaka leo, kwa sababu kabla ya kusema alichojia, alishuka, akaegesha baiskeli vizuri, akaja upande wa Mzee akampa shikamoo. Akawapa na wazee wawili waliosimama kando, mmoja mmoja, na kila mmoja akamwitikia bila haraka. Mkewe yuko kwenye uchungu tangu alfajiri, nesi wa zahanati amesema mtoto amekaa vibaya na apelekwe Katesh sasa hivi, na yeye anatoa shikamoo tatu. Kisha akasema. Alisema kwa utaratibu, mikono imeshikana mbele. Mzee Boay alisikiliza mpaka mwisho akatazama barabarani.

"Mgeni ameshapita Nangwa," akasema. "Nusu saa tu, kijana wangu. Akishapita, gari ni lenu."

Fabiano alinitazama kupitia mbele ya Mzee. Hakuniomba. Alinitazama tu, kwa kuwa alijua mpango wetu na alijua ninaujua. Injini ilikuwa inanguruma. Mguu wangu ulikuwa kwenye klachi, gia iko mkononi, hakuna mtu aliyenifunga kamba. Ningeweza kuondoka na Mzee humo humo ndani na kwaya yote nyuma, nikawapeleka wote kwa Martina. Nimeirudia dakika hiyo mara nyingi kuliko sala ya Baba Yetu. Nilichofanya ni kushusha macho yangu kwenye usukani. Fabiano akasema basi wao wataanza na mkokoteni wa mdogo wake, kwa njia ya mkato ya korongoni, na gari litawafuata. Akawaaga wazee. Akapanda baiskeli.

Nusu saa ikapita, na nyingine. Nilimwambia Mzee kwamba nusu saa imeisha. Akasema subira, binti yangu. Saa saba nikamwambia tena, naye akanijibu kwamba mgeni akikuta gari limeondoka itakuwa aibu ya kijiji kizima na itakuwa juu ya kichwa changu. Wazee wengine walitazama pembeni. Kwaya walisikia, kioo cha nyuma kilikuwa wazi, na hakuna mama hata mmoja kati yao aliyesema neno, ingawa watatu kati yao niliwahi kuwapeleka hospitali mimi. Saa nane mtu alikuja na pikipiki akasema mgeni amebadilisha njia, hatakuja. Mzee akavua kofia, akajifuta paji la uso, akasema haya ndiyo mambo ya wakubwa. Akashuka taratibu, akaniambia niende sasa.

Nilikwenda kwa Martina kwanza, kwa sababu njia ya korongoni gari halipiti na nilitaka kujua wamefikia wapi. Sikuhitaji kuuliza. Mkokoteni ulikuwa umesharudi uani, ng'ombe wamefunguliwa, na wanawake wamekaa chini. Martina alikuwa amelazwa ndani ya jiko lile lile, kwa kuwa ndicho chumba kilichokuwa karibu, amefunikwa kwa khanga yake ya bluu. Damu ilikuwa imelowesha majani yaliyotandikwa mkokotenini. Mama mkwe wake alikuwa amekaa kwenye kigoda nilichozoea kukalia mimi, ameshika mtoto wa kike aliyefungwa kwenye sweta la Fabiano. Mtoto alikuwa hai. Fabiano alisimama nje amewageuzia watu mgongo. Kwenye boneti yangu matawi yalikuwa bado ya kijani.

Siku ya mazishi Mzee Boay alipewa nafasi ya kusema, kama kawaida. Alisema kazi ya Mungu haina makosa. Alisema tushukuru kwamba gari lilikuwepo, kwamba jitihada zilifanyika, kwamba wengine hawana hata hilo gari. Baadaye alipita kwenye mstari wa wafiwa, na alipofika kwangu akasimama akasubiri. Wote walisubiri. Nilikuwa nimezoea maisha yangu yote kwamba mzee akisimama mbele yangu neno hutoka lenyewe. Halikutoka. Nilimtazama usoni mpaka yeye akaanza kunisalimia mimi, akauliza habari yangu, na mimi sikujibu. Nilisikia mtu nyuma akivuta pumzi. Tangu siku ile mpaka alipokufa sikumpa shikamoo tena, na miaka ishirini na saba ni mingi kwa watu wanaokutana msibani, harusini na mnadani.

Majuma matatu baadaye ikasemwa kwamba mgeni sasa anakuja kweli. Walikuja vijana kulichukua gari, hawakuniuliza hata ufunguo. Walikuwa wamezoea kwamba wakifika tu ufunguo unatolewa. Niliwapa ufunguo. Lakini fundi wa Katesh alishanifundisha kwamba kuna kidude kidogo ndani ya mfuniko wa nyaya za plagi, wanakiita rota, chenye ukubwa wa kidole gumba, na bila hicho gari haliwaki hata likisukumwa mpaka Singida. Nilikuwa nimekitoa, kipo mfukoni mwa sketi yangu. Nilikaa mlangoni nikamenya vitunguu na kuwatazama. Walisukuma kushuka, wakasukuma kupanda, wakabadilishana, wakavua mashati. Baada ya saa nzima Mzee Boay akaja mwenyewe na koti lake la suti.

"Gari limekufa?" akaniuliza.

"Halijafa. Nimekataa."

Alisema sikumwelewa vizuri, labda. Nikamwambia nimemwelewa tangu hoteli ya Katesh. Nikamwambia gari hili nililinunua kwa ndama wangu, na Martina amekufa likinguruma, na yeye Mzee akiwa amekalia kiti chake. Nikayasema kwa Kiiraqw, na majirani wakayasikia. Hakunijibu mimi. Aliwageukia wale vijana akawaambia kwamba huzuni imemzidi binti huyu, wamwombee.

Ndivyo nilivyotoka kijijini. Hakuna aliyenifukuza. Wateja wangu walianza kupakia mizigo yao kwenye malori ya watu wengine. Akina mama wa jumuiya ya kanisa walihamisha zamu yangu ya sala bila kuniambia. Nikisimama kwenye tambarare gari limezima, wanaume waliokuwa wanasukuma wakicheka walikumbuka kazi zao. Mchoyo, walisema, kama Mama Zuhura alivyotabiri, na wengine walisema nimemtukana mzee na nitaona. Mwisho wa mwaka nilimuuzia gari mtu wa Mbulu aliyetaka injini yake tu kwa mashine ya kusaga, nikabaki Mbulu huko huko. Sikumtembelea mtoto wa Martina kama ilivyonipasa. Nilituma nguo, nilituma sukari. Nilisikia kwamba Mzee Boay anamlipia ada, na hasira yangu ikaona kwamba hilo nalo ni jambo la kumchukia.

Mtoto huyo anaitwa Restituta. Ni mwalimu sasa, na juma moja baada ya mazishi ya Mzee Boay alinipigia simu, akaja nyumbani kwangu Mbulu. Alikuwa amesikia kwamba nilitoka wakati wa wasifu na alitaka kujua sababu. Nilimpikia kande, lakini hatukula sana. Akaniambia alivyolelewa akijua: kwamba mama yake alifia njiani ndani ya gari la Mzee Boay akikimbizwa hospitali, na kwamba kila Krismasi bibi yake alimpeleka kumshukuru. Baba yake alimwacha aamini hivyo, na sasa Fabiano naye amekufa. Nikamweleza yote. Nilipofika njia panda alinikatiza.

"Nani alikuwa anaendesha, mama mdogo?"

"Mimi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, au kwa kumlaani yule mzee pamoja nami, na nadhani kwa siri nilikuwa nalitamani hilo la pili. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema polepole, kama mwalimu anayetaka aeleweke mara moja: "Wewe ulipata mtu wa kumkasirikia. Mimi mlinipa mtu wa kumshukuru." Kisha akaniomba nimpeleke mahali alipozaliwa.

Tulikwenda Jumamosi iliyofuata. Na nilipofika ukingo wa korongo, mbele ya mtoto wa Martina, niligundua kwamba sipajui. Sikuwahi kupafika. Miaka yote hiyo nilikuwa nimesimama njia panda, kwenye kiti cha dereva, nikigombana na mzee mmoja, na sikuwahi kuteremka kuuliza rafiki yangu alikufia wapi. Ilibidi twende kumchukua Safari, mdogo wake Fabiano, aliyeongoza ng'ombe siku ile. Ni mzee sasa, anatembea kwa fimbo. Alituongoza chini mpaka kwenye mchanga, akapita mti mmoja, akasimama karibu na jiwe pana, akasema ni hapa. Restituta akavua viatu. Akamwuliza kama mama yake alisema kitu.

Safari alisema Martina alikuwa bado na nguvu walipofika hapa. Magurudumu yalizama mchangani, ng'ombe wakakataa, naye akawa anawachapa. Martina akamwambia aache kuwachapa, awapumzishe, hakuna haja ya kuharakisha, Basilisa anakuja na gari.

Restituta akauliza walipumzika kwa muda gani.

"Muda mrefu," Safari akasema. Akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu tushuke. Hakuwa na ukali wowote usoni. "Mimi nilitaka tuendelee. Yeye alikuwa na uhakika na wewe."